Programu ya zamani ya Windows kwenye seva ya Linux yenye watumiaji wengi: mwongozo kamili

Programu ya hesabu au ya stoo iliyoandikwa miaka ya 1990 iliandikwa ikiamini kwamba kompyuta ni ya mtu mmoja. Huandika mipangilio yake kando ya faili lake la kuanzia, huweka faili za muda popote inapotaka, na hudhani diski nzima ni mali yake. Linux, kama mifumo yote ya ukoo wa Unix, imejengwa kwa imani tofauti kabisa: watumiaji ni wengi, na kila mmoja ana mipaka yake. Kuifanya programu hiyo iwake kwa kutumia Wine (inayoendesha programu za Windows ndani ya Linux) ni kazi ya saa moja. Kuifanya itumiwe na watu 15 kwa wakati mmoja bila kuharibiana data ndiyo kazi yenyewe.

Mwongozo huu unatumia Debian 12 ya biti 64, Wine ya kwenye hazina yake (toleo la 8.0), na xrdp (inayomwonyesha mtu aliye mbali skrini ya seva kwa njia ya RDP) kwa ajili ya skrini. Programu tutaiita MFUMO.EXE. Hakikisha mapema kwamba leseni yake inaruhusu idadi ya watumiaji unaowataka.

Ijue programu kabla ya kuihamisha

Endesha `file MFUMO.EXE`. Jibu likianza na "PE32 executable", ni ya biti 32 na njia iliyo hapa inaifaa moja kwa moja. Likitaja "NE for MS Windows 3.x", ni ya biti 16, mara nyingi huendeshwa na Wine ya biti 32, lakini ijaribu sana kabla ya kuahidi chochote. Likisema "MS-DOS executable" bila kutaja Windows, ni ya DOS, na hiyo ina njia yake ambayo nimeiweka baadaye.

Kisha tafuta inapoandika. Isakinishe kwenye akaunti ya majaribio, weka alama kwa `touch /tmp/alama`, itumie dakika kumi (fungua rekodi, hifadhi, chapisha ripoti), halafu:

```
find ~/.wine -newer /tmp/alama -type f
```

Orodha hiyo ndiyo ramani ya kazi yako yote. Kila faili lililomo ni ama la mtu binafsi (mipangilio, faili za muda) au la wote (data). Usiendelee mpaka uweze kusema kila moja ni la upande gani.

Kama programu inadai kifaa cha ulinzi cha kuchomeka kwenye USB au kwenye tundu la printa, simama hapo. Vifaa hivyo hutegemea dereva za ndani ya Windows zenye kiambishi .sys, na kwa kawaida Wine haiwezi kuziendesha. Programu ya namna hiyo ipeleke kwenye Windows ndani ya mashine pepe.

Vifurushi vya kusakinisha

```
dpkg --add-architecture i386
apt update
apt install wine wine32:i386 xrdp xorgxrdp icewm \
  fonts-liberation acl bubblewrap x11-utils smem
adduser xrdp ssl-cert
apt-mark hold wine wine32:i386
```

Amri ya mwisho ina sababu nzito. Toleo la Wine likibadilika, kila mtumiaji anapoingia mara ya kwanza folda yake ya Wine husasishwa upya, na asubuhi moja wote watakaa wakisubiri. Zaidi ya hapo, programu ya zamani huweza kuacha kufanya kazi baada ya sasisho ambalo hukulijua. Fungua kizuizi hicho siku ya majaribio pekee. Yapo pia matoleo mapya ya Wine yaliyojengwa bila sehemu ya biti 32 ya kale; hayo hukataa `WINEARCH=win32`, na mpango wote wa hapa chini hautawaka.

Fonti za Liberation zina upana uleule wa Arial, Times New Roman na Courier New, kwa hiyo safu za ripoti hazitahama. Kuhusu kumbukumbu, anza kwa kukadiria megabaiti 300 kwa kila kikao, kisha pima hali halisi kwa `smem -u -k` watu wakiwa kazini na usome safu ya PSS. Safu ya RSS huhesabu kumbukumbu inayochangiwa mara nyingi, hivyo itakutisha bure.

Folda ya Wine: kila mtu na yake

Wazo la kwanza la karibu kila mtu ni kutengeneza folda moja ya Wine na kuwapa wote ruhusa. Wine yenyewe itakataa: mtumiaji asiye mwenye folda huambiwa "is not owned by you". Katazo hilo lina maana. Rejista ya Windows hukaa ndani ya kumbukumbu ya mchakato uitwao wineserver, na kila mtumiaji ana wineserver wake. Wawili wakiandika rejista ileile, wa mwisho kuhifadhi hufuta kazi ya mwenzake.

Kwa hiyo tengeneza kiolezo kimoja, ukinakili kwa kila mtumiaji. Fungua akaunti yenye jina ambalo haliwezi kutokea mahali pengine popote, kwa mfano `wkiolezo`, uingie nayo kwenye skrini:

```
export WINEPREFIX=$HOME/.mfumo WINEARCH=win32
WINEDLLOVERRIDES="mscoree,mshtml=" wineboot -i
winecfg
wine SETUP.EXE
```

Mstari wa WINEDLLOVERRIDES unazuia Wine isiulize kuhusu kupakua Mono na Gecko (vipande vya .NET na vya kuonyesha kurasa za wavuti), ambavyo programu za miaka hiyo hazivihitaji. Wakati wa kusakinisha, chagua njia fupi isiyo na nafasi, `C:\MFUMO`. Kwenye winecfg chagua toleo la Windows ambalo programu iliandikiwa. Kwa programu za kale sana chagua Windows 98: katika hali hiyo Wine huripoti nafasi ya diski isiyozidi gigabaiti 2, na hivyo hutibu kosa maarufu la programu kulalamika kwamba diski imejaa ilhali ina mamia ya gigabaiti. Chaguo hilo huonekana tu kwenye folda ya Wine ya biti 32.

Kuna mtego hapa ambao huwaumiza wengi. Wine hutengeneza viungo kutoka `drive_c/users/wkiolezo/Documents` na wenzake kwenda kwenye folda za nyumbani za wkiolezo. Ukinakili kiolezo kama kilivyo, kila mtumiaji atajaribu kuhifadhi nyaraka zake nyumbani kwa wkiolezo, naye atapata kosa la ruhusa lisiloeleweka. Angalia kwa `find drive_c/users -type l`, futa kila kiungo, na uweke folda ya kawaida yenye jina lilelile mahali pake.

Baadhi ya programu hufunga leseni kwa namba ya diski. Andika namba hiyo, tarakimu nane za mfumo wa heksadesimali, kwenye faili liitwalo `.windows-serial` ndani ya drive_c, nayo itakuwa moja kwa wote.

Ukimaliza, funga kila kitu kwa `wineserver -k`, ongeza kiungo cha diski ya data, kisha kama root ufungashe:

```
ln -s /srv/mfumo/data ~wkiolezo/.mfumo/dosdevices/m:
mkdir -p /opt/mfumo
tar -C ~wkiolezo/.mfumo -czf /opt/mfumo/kiolezo.tar.gz .
```

Programu yenyewe ikiwa chini ya megabaiti 50, iache ndani ya kiolezo ili kila mtu awe na nakala yake. Diski ni rahisi kuliko usumbufu wa kutafuta ni faili gani la INI linaandikwa na nani. Ikiwa kubwa, weka faili zisizobadilika kwenye `/opt/mfumo` kwa ruhusa ya kusoma tu, uziunganishe kwa viungo, na uache faili za mipangilio peke yake kwenye folda ya mtumiaji.

Data ya pamoja na ruhusa zake

```
groupadd mfumo
mkdir -p /srv/mfumo/data
chgrp -R mfumo /srv/mfumo
chmod 2770 /srv/mfumo/data
setfacl -R -m g:mfumo:rwX -d -m g:mfumo:rwX /srv/mfumo/data
touch /srv/mfumo/.mlango && chmod 644 /srv/mfumo/.mlango
```

Ile 2 ya mwanzo kwenye 2770 hufanya kila faili jipya lirithi kikundi cha mfumo. ACL (orodha ya ruhusa za ziada za faili) ya msingi, yaani ile yenye `-d`, huhakikisha faili jipya linaandikika na kikundi bila kujali umask (ruhusa zinazoondolewa kwenye faili jipya) ya aliyelitengeneza. Vyote viwili vinahitajika, kwa sababu programu nyingi huhifadhi kwa kuandika faili jipya na kulibatiza jina la lile la zamani. Bila hivyo, data hufanya kazi siku nzima, halafu jioni mtu mmoja anapanga upya faharasa na kesho yake hakuna mwingine anayeweza kuandika.

Herufi kubwa na ndogo ni jambo la pili. Kwa Linux, `WATEJA.DBF` na `wateja.dbf` ni faili mbili. Wine huzificha tofauti hizo kwa kupekua folda nzima inapotafuta jina, lakini zikiwepo zote mbili itaona mojawapo tu. Hali hiyo hutokea pale skripti ya Linux inapoweka faili kwa jina la herufi ndogo. Kabla ya kuanza, chunguza:

```
ls /srv/mfumo/data | tr a-z A-Z | sort | uniq -d
```

Jibu tupu ndilo unalolitaka. Folda yenye maelfu ya faili itakuwa nzito kwa sababu ya upekuzi huo. Dawa ni diski ya ext4 iliyotengenezwa kwa `mkfs.ext4 -O casefold`, kisha `chattr +F` kwenye folda ikiwa bado tupu.

Makufuli, mahali data inapofia

Hapa usiende haraka. Programu za Windows hulinda data kwa njia mbili. Ya kwanza ni kufunga baiti fulani ndani ya faili: FoxPro, dBase na Clipper hufunga rekodi hivyo. Ya pili ni kufungua faili zima kwa masharti ya kutochangia, kwamba "nikiwa nalo mimi, asiingie mwingine".

Wine huipeleka njia ya kwanza kwenye Linux kama kufuli halisi la fcntl (kufuli la faili la Linux yenyewe), kwa hiyo inafanya kazi kati ya watumiaji tofauti. Njia ya pili hutunzwa ndani ya wineserver peke yake. Kwa kuwa kila mtumiaji ana wineserver wake, sharti la kutochangia la mtu mmoja halionekani kabisa kwa mwingine. Wote wawili wataambiwa kwamba faili ni lao peke yao, na wote wataandika.

Jaribu hivi kwenye nakala ya data. Ingia kwa akaunti mbili, fungua rekodi moja kwa kuhariri kwenye akaunti ya kwanza, halafu tazama:

```
lslocks | grep /srv/mfumo
```

Ukiona mistari yenye neno POSIX na WRITE, programu inafunga rekodi kwa baiti, na akaunti ya pili inapaswa kukataliwa ikijaribu kuhariri rekodi hiyo. Usipoona mstari wowote wa namna hiyo, programu inategemea njia ya pili au haina ulinzi wowote, na hapo ruhusu mtu mmoja tu kuandika kwa wakati mmoja.

Hata programu yenye makufuli mazuri hutumia njia ya pili kwa kazi chache nzito: kufunga mwezi, kupanga upya faharasa, kufuta rekodi zilizowekewa alama. Kazi hizo zilindie nje ya programu. Hiyo ndiyo kazi ya faili la `.mlango`: kila mtumiaji wa kawaida hulishika kwa kufuli la kuchangia, na anayefunga mwezi hulishika kwa kufuli la peke yake.

Data iwe kwenye diski ya seva yenyewe. Kuiweka kwenye folda ya mtandao kunaongeza tabaka jingine la makufuli, na likikwama hutajua lawama ni ya nani.

Skripti ya kuanzisha

Hii hukaa `/usr/local/bin/mfumo`, ruhusa 755:

```
#!/bin/sh
set -e
export WINEPREFIX="$HOME/.mfumo" WINEARCH=win32 WINEDEBUG=-all
export LC_ALL=en_GB.UTF-8
umask 007
U=$(id -un)

exec 9</srv/mfumo/.mlango
flock -s -n 9 || { xmessage "Mfumo umefungwa kwa kazi maalumu."; exit 1; }

if [ ! -d "$WINEPREFIX" ]; then
  T="$WINEPREFIX.mpya"
  rm -rf "$T"; mkdir -m 700 "$T"
  tar -xzf /opt/mfumo/kiolezo.tar.gz -C "$T"
  mv "$T/drive_c/users/wkiolezo" "$T/drive_c/users/$U"
  sed -i "s/wkiolezo/$U/g" "$T"/*.reg
  mv "$T" "$WINEPREFIX"
fi

cd "$WINEPREFIX/drive_c/MFUMO"
bwrap --dev-bind / / --unshare-net wine MFUMO.EXE
```

Sasa unaona kwa nini jina la wkiolezo lilipaswa kuwa la pekee: sed hulibadilisha kila lilipo kwenye rejista. Folda hujengwa kwanza kwa jina la `.mpya` ili umeme ukikatika katikati, isibaki folda nusu ambayo skripti itaidhania kamili.

LC_ALL si pambo. Wine huchukua muundo wa tarehe na alama ya desimali kutoka kwenye mpangilio huo. Mtumiaji mmoja akiwa na lugha inayotumia koma kwenye desimali, ataingiza 1,5 mahali wenzake wanaandika 1.5, na mpangilio wa herufi kwenye faharasa unaweza kutofautiana kati ya mtu na mtu. Hakikisha lugha uliyoitaja imezalishwa kweli. `locale -a` itakuonyesha, na isipokuwepo endesha `dpkg-reconfigure locales`.

bwrap inaikata programu na mtandao. Programu ambayo haijapata marekebisho ya usalama kwa miaka 20 haina sababu ya kufika intaneti. Skrini na printa za CUPS (mfumo wa uchapishaji wa Linux) huendelea kufanya kazi kwa sababu hupitia soketi zilizo kwenye faili. Ikiwa programu yako huzungumza na hifadhidata iliyo kwenye seva nyingine, ondoa `--unshare-net`. Usidhani pia kwamba kuondoa herufi ya Z: kunamfungia mtu nje ya diski ya Linux: kinachomzuia kwa kweli ni ruhusa za faili.

Skrini kwa xrdp

Kwenye `/etc/xrdp/startwm.sh`, juu ya mistari ya mwisho inayoanzisha mazingira ya kawaida, ongeza:

```
if id -nG | grep -qw mfumo; then
  icewm &
  exec /usr/local/bin/mfumo
fi
```

Mtumiaji akifunga programu, kikao kizima kinaisha. Kwenye `/etc/xrdp/sesman.ini` acha `KillDisconnected=false`. Ukiweka true, laini ya mtandao ikikatika kwa muda mfupi programu inauawa ikiwa katikati ya kuandika, na asubuhi una faharasa iliyovunjika. Kwa false, mtu anarudi kwenye kikao chake kilekile na kukuta alichokuwa akiandika. Kwa sababu hiyohiyo, kila mtu awe na akaunti yake: wawili wakichangia akaunti moja, watakuwa wakinyang'anyana skrini moja.

Kwenye `xrdp.ini` weka `port=tcp://.:3389`, ili xrdp isikilize ndani ya seva tu, na watu waingie kupitia SSH:

```
ssh -L 3390:127.0.0.1:3389 jina@seva
```

Kisha kiteja cha RDP kielekezwe `localhost:3390`. Njia ya `ssh -X` huvutia kwa urahisi wake, lakini kwenye laini yenye kuchelewa kila menyu husubiri safari nyingi za kwenda na kurudi, na laini ikikatika programu inakufa nayo.

Wekea kila mtumiaji mipaka, kwenye `/etc/systemd/system/user-.slice.d/50-mipaka.conf`:

```
[Slice]
MemoryMax=1G
CPUQuota=100%
```

Mpaka huu unamgusa hata msimamizi anapoingia kwa akaunti ya kawaida, kwa hiyo usiushushe chini ya gigabaiti 1. Endesha `systemctl daemon-reload` baada ya kuuweka.

Printa hazina taabu: zilizomo kwenye CUPS hujitokeza zenyewe ndani ya Wine, na kila mtu huchagua yake kwa `lpoptions -d`.

Ikiwa programu ni ya DOS

Tumia dosemu2, si DOSBox. DOSBox ilitengenezwa kwa ajili ya michezo ya mtu mmoja. dosemu2 hupitisha makufuli ya faili hadi kwenye Linux, na programu ya maandishi huweza kuendeshwa ndani ya terminali ya SSH kwa `dosemu -t` bila xrdp yoyote. Waingize watumiaji kwenye kikundi cha kvm, la sivyo itaiga kichakataji kwa programu na kuwa nzito. Kwenye `~/.dosemu/.dosemurc` acha `$_hogthreshold = (1)`. Programu za DOS husubiri kibodi kwa kuuliza bila kupumzika, na bila kizuizi hicho kila mtumiaji aliyekaa kimya atakula kiini kizima cha kichakataji. Printa ya LPT1 huelekezwa kwa `$_lpt1 = "lpr -l"`.

Nakala rudufu na kazi za peke yake

Kunakili faili za DBF (zenye rekodi) na faharasa zake zikiwa wazi hukupa nakala isiyolingana: rekodi ipo, faharasa haiijui. Tumia mlango uleule, kama root, usiku:

```
flock -x -w 600 /srv/mfumo/.mlango \
  tar --acls -C /srv/mfumo -czf /nakala/data-$(date +%F).tar.gz data
```

Itasubiri hadi dakika 10 watu watoke, na ikishindwa hurudisha kosa bila kunakili chochote. Hakikisha cron (inayoendesha kazi kwa ratiba) inakutumia taarifa ya kosa hilo. Ukitaka kujua ni nani aliyeacha programu wazi, `lsof +D /srv/mfumo/data` itamtaja. Mwombe atoke. Usimuue kwa `kill` isipokuwa umeona kwa macho kwamba hayuko katikati ya kuhifadhi.

Anayefunga mwezi apewe skripti yake, nakala ya ile ya kwanza yenye `flock -x -n` mahali pa `flock -s -n`. Maadamu kuna mtu mmoja ndani, haitafunguka. Na ikishafunguka, wengine wote watasomewa ujumbe kwamba mfumo umefungwa.

Siku ya kujaribu toleo jipya la Wine, fungua akaunti mpya isiyo na folda ya `.mfumo`, mpe nakala ya data kupitia kiungo tofauti cha `m:`, na urudie jaribio la `lslocks` kabla ya kitu kingine chochote. Menyu zikivurugika utaziona mara moja. Makufuli yakiacha kufanya kazi hakuna dalili yoyote kwenye skrini, mpaka hesabu zikatae kulingana.